Kanzu Ndogo ya Hana: Kushona Pedi za Kufua Kama Sadaka

Katika Samweli wa kwanza, sura ya 2, kuna mstari mmoja ambao wasomaji wengi huupita haraka. Hana alikuwa amekwisha kumtoa mwanawe Samweli amtumikie Bwana kule Shilo. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Fundi cherehani akiusoma mstari huo anaona jambo la ufundi mara moja: mtoto hayupo nyumbani, hawezi kuitwa aje apimwe. Mama anakaa na kitambaa anakadiria. Mwaka jana mikono iliishia hapa. Sasa atakuwa ameongezeka kiasi gani? Kisha kanzu na dhabihu zinasafiri pamoja, safari moja.

Vikundi vya akina mama makanisani kwetu, kuanzia WAWATA kwa Wakatoliki, Mothers' Union kwa Waanglikana, hadi akina mama wa Dorkasi kwa Wasabato, vinaujua mstari huu kwa vitendo. Vinashona na kufuma kwa ajili ya watu ambao mara nyingi havijawaona. Zawadi tunayoieleza hapa ni moja tu, pedi za kufua kwa ajili ya wasichana wa shule, kwa sababu ndiyo inayoharibika kirahisi kuliko zote ikishonwa kwa moyo mwema bila kipimo. Shuka ikizidi sentimita tano, mtu atalala. Pedi ikizidi sentimita tano inakunjika, inachubua mapaja, inavuja, na binti anairudisha chini ya begi asiitumie tena.

Watakaouliza kwa nini kanisa lihangaike na jambo hili wakati pedi zinauzwa dukani, jibu liko kwenye bei na kwenye umbali wa duka. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria ya kuwapa wanafunzi wa kike pedi bure. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka 2019. Pamoja na yote hayo, binti wa kijijini anayetumia kipande cha kanga kuukuu au sponji iliyochanwa kwenye godoro bado yupo. Kila tarehe 28 Mei inapofika, Siku ya Hedhi Salama Duniani, hotuba zinatolewa. Mwezi unaofuata hedhi inarudi, na inamkuta pale pale.

Kuna kanisa ambako neno hedhi likitajwa kwenye matangazo ya Jumapili watu wanaangalia chini. Kwa kanisa hilo tungependekeza Marko sura ya 5 isomwe yote kwa mkupuo. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, ambaye kwa torati ya Walawi 15 kila alichokilalia au kukikalia kilihesabiwa najisi, na kila aliyemgusa pia, anagusa vazi la Yesu, naye Yesu anamwita Binti, mbele ya umati. Katika sura hiyo hiyo anainuliwa binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12. Huo ndio umri ambao wasichana wengi wanakaribia hedhi ya kwanza au wanaianza. Akina mama wakilisikia hilo likisomwa madhabahuni, kazi ya kukata vitambaa haifanyiki tena kwa kujificha.

Sasa tuje kwenye kitambaa.

Pedi tunayoipendekeza ina sehemu mbili zinazoachana: ganda la nje linalobana kwenye chupi, na kitambaa cha ndani kinachokunjwa na kuchomekwa juu yake. Wapo wanaoshona pedi nene ya kipande kimoja, tabaka tano au sita pamoja. Inapendeza ikiwa mezani, lakini wakati wa masika haikauki. Katikati inabaki unyevu, inanuka, na unyevu huo unaleta fangasi na muwasho. Kitambaa cha ndani kikifunguliwa kinakuwa na tabaka moja tu, kinakauka kwa saa chache hata jua likiwa dogo.

Kitambaa cha ndani kiwe flana ya pamba tupu, ile yenye manyoya mafupi inayoshonewa nguo za kulalia za watoto. Muuzaji akisema ni pamba, chomoa nyuzi mbili tatu uzichome. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake yanasagika vidoleni. Ikiyeyuka na kuacha donge gumu jeusi, ina poliesta ndani yake. Haitanyonya vizuri, iache dukani.

Ukifika nayo nyumbani, ifue kabla ya mkasi kuigusa. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoumia, na hesabu yake ni hii. Mita moja ya flana yenye upana wa sentimita 150 inaonekana itatoa miraba ya sentimita 25 kwa 25 ipatayo 24, yaani minne kwa sita. Flana ikifuliwa mara ya kwanza inarudi, kwa kawaida asilimia tano na wakati mwingine zaidi. Mita ile inakuwa sentimita 95, na upana unashuka hadi kama 142. Sasa unapata mitatu kwa mitano, miraba 15 tu. Ukinunua mita 1.10 badala ya mita 1, baada ya kufua inabaki na sentimita 104 na ushee, safu nne zinaenea, unapata 20. Ndiyo maana kwa mabinti 30, kila mmoja vitambaa vinane, jumla 240, unahitaji mita 13.2. Nunua 14. Kikundi kilichokata kwanza na kufua baadaye kinapata kasoro nyingine: miraba inarudi kwa urefu zaidi kuliko kwa upana, inakuwa mistatili, na haikunjiki sawa ndani ya ganda.

Kufua kwanza kuna faida ya pili. Flana mpya imepakwa dawa ya kiwandani, na tone la maji likiiangukia linasimama juu kama kwenye jani la mgomba. Ifue mara mbili au tatu kwa sabuni ya kawaida, bila ile dawa ya kulainisha nguo, maana nayo inaziba nyuzi. Dondoshea tone tena. Likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari.

Rangi ziwe za kukolea na zenye maua au michoro midogo. Nyeupe inatunza doa, na binti mwenye kitambaa chenye doa hatakianika juani. Atakificha chini ya godoro kikauke humo. Epuka michoro ya nyuso, wanyama na vyakula, na kwa hali yoyote usinunue mabaka ya kijeshi. Kata miraba ya sentimita 25, piga ovaloki pande zote nne, utabaki na sentimita 24 kamili. Asiye na ovaloki apige zigzagi mara mbili. Kupinda ukingo kwa upindo wa kawaida kunawezekana, ila unaacha uti mnene unaochelewa kukauka na unaosugua ngozi. Mraba wa 24 ukikunjwa sehemu tatu unapata upana wa sentimita 8 na tabaka tatu za kunyonya. Siku nzito binti anaweka viwili, anapata tabaka sita.

Uzuri wa mraba huu unaonekana kwenye kamba ya nguo. Ukiwa umeanikwa wazi, una maua madogo, hauna umbo la pedi. Baba akipita, kaka akipita, mgeni akipita, anaona leso nane za mkononi zinapepea. Binti anaweza kuzianika katikati ya uwanja, kwenye jua kali, na jua ndilo linalotakiwa. Kwa sababu hiyo tunasisitiza mraba hata pale mafundi hodari wanapotaka kushona kitu chenye umbo la kupendeza zaidi.

Ganda linahitaji pamba ngumu kidogo kwa nje, na katikati yake kitambaa kisichopitisha maji chenye utando laini wa plastiki upande mmoja, kile kinachoshonewa nepi za kufua. Mafundi wanakiita PUL. Kisipopatikana, nailoni ya mwavuli iliyo nzima inasaidia, ingawa inatoa jasho zaidi. Mfuko wa plastiki wa sokoni usitumike kabisa: unapiga kelele msichana akitembea, unachanika baada ya kufuliwa mara chache, na unaunguza ngozi kwa joto.

Vipimo vya kukata ganda ni hivi: mwili una urefu wa sentimita 27.5 na upana wa 10, ncha zote mbili zikiviringwa. Katikati yanatoka mabawa, kila bawa likiwa na upana wa sentimita 7, na kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine ni sentimita 21.5. Ukishona kwa kuacha sentimita 0.75 pembeni, unapata mwili wa 26 kwa 8.5 na mabawa ya 20. Kata vipande viwili vya pamba kwa umbo hilo, na kipande kimoja cha PUL cha mwili peke yake, bila mabawa. Kata pia vipande viwili vya sentimita 12 kwa 10, uvikunje viwe 6 kwa 10. Hivi ndivyo mifuko ya kushikilia kitambaa cha ndani, mbele na nyuma.

Paternu ichorwe kwenye filamu kuukuu ya eksirei iliyosafishwa, maana boksi linaliwa na mkasi pembeni, na kufikia ganda la 20 umbo limeshabadilika. Mtu mmoja akate yote. Kila mama akipewa kitambaa aende kukata kwake, yatarudi maganda ya saizi kumi tofauti, na vitambaa vya ndani vitaingia kwa baadhi na kwa mengine vitagoma.

Kushona kunaanza kwa kuweka PUL chini ya kipande cha pamba cha juu, utando unaong'aa ukielekea juu, upande wa mwili wa mvaaji. Mifuko miwili iweke juu ya pamba hiyo, kila mmoja kwenye ncha yake, ukingo uliokunjwa ukitazama katikati. Kisha laza kipande cha pili juu, uso kwa uso. Usitumie pini. Kila tundu la pini kwenye PUL ni mlango wa damu. Bana kwa vibanio vya nguo, vile vya kuanikia, vinashika vizuri tu. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba unaoza kwa kulowana mara kwa mara. Sindano namba 14, na urefu wa mshono milimita 3. Mshono mfupi sana unatoboa PUL kama stempu na unaweza kuchanika kwenye mstari huo huo.

Shona kuzunguka, ukiacha uwazi wa sentimita 6 wa kugeuzia. Uwazi huo uwe upande ulionyooka wa mwili, usiwe kwenye mviringo wa ncha wala kwenye kona ya bawa, kwa sababu ukija kuufunga hapo kitambaa kitajikunja. Kabla ya kugeuza, chana vichano vidogo kwenye kona nne ambapo bawa linakutana na mwili, uishie milimita 2 kabla ya uzi. Hatua hii inachukua sekunde kumi. Ukiiruka, bawa halitalala, litavuta mwili mzima upande mmoja, na ndiyo sababu kubwa ya maganda kuonekana yamepinda. Geuza, piga pasi ya vuguvugu upande wa pamba, kisha piga mshono wa juu kuzunguka, milimita 4 kutoka ukingoni. Mshono huo ndio utakaofunga ule uwazi. Usipige mshono wowote katikati ya mwili, hata wa pambo. Cherehani ikipita katikati, damu itaufuata mstari huo hadi kwenye sketi.

Vifungo vya kubonyeza vya plastiki ndivyo bora. Kwenye bawa moja weka kimoja, sentimita 1.5 kutoka ncha. Kwenye bawa jingine weka viwili, cha kwanza sentimita 1.5 na cha pili sentimita 3. Kwa hiyo ganda linabana upana wa 8.5 au wa 7, na linafaa chupi ya binti mwembamba na ya aliyejaa. Nyuma ya kila kifungo tia kiraka kidogo cha pamba ndani ya bawa kabla ya kushona, la sivyo kifungo kitang'oka na kipande cha kitambaa. Ganda moja linakula seti moja na nusu. Maganda 60 yanahitaji seti 90, basi nunua 100, kuna zitakazopondeka. Velkro tunaikataa. Inakusanya nyuzi kwenye maji ya kufulia, inaacha kushika, na sauti yake ikibanduliwa kwenye choo cha shule chenye vyumba kumi vilivyopangana inamtangaza binti kwa wenzake wote.

Kabla ya kufunga mzigo, chukua ganda moja katika kila kumi ulijaribu. Weka kitambaa cha ndani, mimina vijiko vitatu vya chai vya maji polepole, yaani kama mililita 15. Kandamiza kwa kiganja dakika nzima kama mtu aliyekaa darasani, halafu pitisha karatasi laini chini yake. Ikilowa, tafuta tundu. Hedhi ya kawaida kwa siku zake zote ni kama mililita 30 hadi 80, kwa hiyo vijiko vitatu kwa mkupuo ni mtihani mgumu wa kutosha.

Zawadi kamili kwa binti mmoja ni maganda mawili, vitambaa vinane, chupi mbili, nusu mche wa sabuni, mfuko mdogo wenye PUL wa kubebea vilivyolowana, na mfuko wa nje wa kamba wa kutunzia vyote. Chupi zinasahaulika kuliko kitu kingine chochote, na bila chupi inayobana vizuri hizo nyingine zote hazina pa kushikia. Uliza saizi kupitia mwalimu wa kike. Karatasi ya maelekezo iwe na michoro, yenye mambo haya: badilisha kila baada ya saa nne hadi sita, loweka kwenye maji baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto yanagandisha damu na doa haliondoki tena, fua kwa sabuni, suuza hadi povu liishe, anika juani hadi vikauke kabisa. Jiki isiguse ganda, inakula utando. Pasi ipite kwenye vitambaa vya ndani tu. Vikitunzwa hivyo vinahudumu miaka miwili, na hata mitatu.

Kama shule ina mabinti wasioona, shona fundo dogo la uzi ukingoni mwa upande wa juu wa kila ganda, walijue kwa kidole. Kwa binti anayetumia mkono mmoja, badala ya mabawa mshonee ganda kwenye chupi yenyewe. Kazi inaongezeka, maana atahitaji chupi nne au tano, lakini mabawa kwake ni mateso.

Na imani ionekane wapi? Watu wengine wanataka msalaba upambwe kwenye mfuko, au mstari wa Biblia uandikwe. Kwa shule za Tanzania na pwani ya Kenya, ambako dawati moja lina Maria na Mwanahawa, tunasema mfuko ubaki na maua yake tu. Mwanahawa aupeleke nyumbani bila kuulizwa maswali. Wakati akina mama wanafunga mifuko, waiombee mmoja mmoja, kila mfuko binti mmoja, kwa sauti wakitaka. Kugawa kusifungwe na mahubiri, wala kusiwe na foleni mbele ya wavulana, wala picha. Mathayo 6 imesema mkono wa kushoto usijue unachofanya mkono wa kuume, na hapa agizo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu picha ya binti akipokea pedi itazunguka kwenye simu za watu miaka na miaka baada ya pedi yenyewe kwisha. Tabitha wa Yafa, ambaye Biblia inatafsiri jina lake kuwa Dorkasi, paa, aliwashonea wajane. Petro alipofika walichomwonyesha ni kanzu na nguo alizozitengeneza alipokuwa pamoja nao. Maneno pamoja nao yamo kwenye mstari wenyewe, Matendo 9:39.

Kwa hiyo panga kurudi baada ya miezi mitatu. Akina mama wawili watatu wanatosha, wakae na mabinti chini ya mti, mwalimu wa kike akiwepo. Kuuliza kama zawadi iliwafaa hakusaidii, maana watasema ndiyo, asante, Mungu awabariki. Waombe kila mmoja alete lile ganda ambalo halitumii. Karibu kila binti atakuwa nalo moja. Linavuja nyuma akilala, au kifungo kimelegea, au bawa moja linamchoma. Yapokeeni hayo, yaandikeni kasoro zake kwa kalamu kwenye kiraka, muwapatie mengine. Mkifika nyumbani mshike moja kati ya hayo, mfumue mshono wake wa pembeni polepole, mlifungue kwenye meza karibu na paternu, muone mkasi ulikosea wapi.